Mgonjwa Si wa Aliyempasua Peke Yake

Kuna kanuni katika wodi za upasuaji za ukanda huu wa Ziwa Victoria ambayo hakuna aliyewahi kuibandika ukutani, na bado kila muuguzi, kila mwanagenzi na kila jamaa aliyewahi kulaza mtu anaijua: mgonjwa ni wa aliyempasua. Presha ikipanda, anasubiriwa mpasuaji. Sukari ikivuka mipaka, anasubiriwa mpasuaji. Mgonjwa akianza kuhema saa nane usiku, mwanagenzi humpigia mpasuaji simu, na mpasuaji, kama ameipokea, ndiye anayeamua iwapo daktari wa magonjwa ya ndani aitwe, lini, na kwa swali gani. Huyo wa magonjwa ya ndani huja kama mgeni. Mwaliko wake umeandikwa kwenye faili. Hujibu alichoulizwa, akaenda zake.

Wanaoitetea kanuni hii si watu wabaya. Wengi wao ni wapasuaji hodari waliozeeka wakifanya kazi ya watu watano. Watakwambia kwamba mikono iliyofungua tumbo ndiyo inayojua kilichomo. Watakwambia kwamba jambo la wawili halina mwenyewe, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Wakiona bado hujakubali, watatoa ile hoja wanayoiamini kuliko zote: kwamba utunzaji wa pamoja, yaani mpasuaji na daktari wa magonjwa ya ndani kumhudumia mgonjwa mmoja tangu analazwa hadi anaruhusiwa kwenda nyumbani, ni anasa ya nchi zenye madaktari wa kumwaga. Huku kwetu, wanasema, tushukuru tukimpata hata huyo mmoja.

Mimi nashikilia kinyume. Uchache wa madaktari ndio sababu kubwa ya kutaka wamshike mgonjwa wawili, na maradhi ya pwani hii ya ziwa yanaongeza uzito.

Tuangalie kwanza watu wanafia wapi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa upasuaji barani Afrika ulioongozwa na Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town: hospitali 247, nchi 25, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na wengi hawakuwa na maradhi makubwa ya awali, na bado vifo vyao vilikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Waliokufa ni 239. Kati yao, 225 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Hiyo ni asilimia 94. Utafiti mwingine, uliofuatilia watu 40,004 wenye umri wa miaka 45 na zaidi katika hospitali 28 za nchi 14, ulipata vifo 715 ndani ya siku 30. Mezani walifia watano tu. Mia tano walifia hospitalini baada ya kutoka mezani, na waliobaki, 210, walifia baada ya kuruhusiwa kuondoka.

Kwa hiyo thieta, chumba tunachokiogopa, chumba ambacho familia hufunga na kuomba nje ya mlango wake, si mahali pa hatari kuu. Hatari iko wodini, siku ya pili, ya tatu, ya tano, wakati jamaa wameshapumua na kurudi kazini na mpasuaji ameshaingia kwa mgonjwa mwingine. Na kinachoua wodini, pamoja na kuvuja damu, ni moyo kuumia na maambukizi kuenea mwilini. Kuvuja damu ni kazi ya mpasuaji, hakuna ubishi. Hayo mengine ni ya nani?

Wapo watakaojibu kwamba mpasuaji mzuri hana matatizo hayo, kwamba madhara baada ya upasuaji ni dalili ya kisu kibaya. Jibu hili lina fahari ndani yake, na takwimu haziliungi mkono. Mwaka 2009 Amir Ghaferi na wenzake huko Marekani walizilinganisha hospitali kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa 84,730. Katika hospitali zenye vifo vichache kabisa, asilimia 24.6 ya wagonjwa walipata madhara. Katika zile zenye vifo vingi, asilimia 26.9. Karibu sawa. Lakini vifo vilikuwa asilimia 3.5 upande mmoja na 6.9 upande wa pili. Visu vilikuwa vinakata karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa kwa nani aligundua mapema kwamba mgonjwa anazama, na kama alikuwapo mtu wa kumtoa majini.

Sasa tuje kwetu. Mchukulie mama wa miaka 64 kutoka Port Victoria, kule Budalang'i ambako mto Nzoia unaingia ziwani. Amechuuza omena maisha yake yote. Utumbo umeziba, tumbo limevimba, amepitishwa hospitali moja hadi nyingine mpaka akafika Kisumu. Anapasuliwa usiku. Kipande cha utumbo kilichooza kinakatwa, ncha mbili zinaunganishwa. Kazi imefanywa vizuri, nasema hivyo bila kejeli, kwa sababu kufanya kazi hiyo saa tisa usiku kwa vifaa tulivyonavyo ni jambo la kuvuliwa kofia.

Lakini mama huyu hakuja na utumbo peke yake. Ana presha ya miaka mingi. Inawezekana sana anatumia ARV: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya HIV yako kwenye asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya, lakini Kisumu asilimia 17.5 na Homa Bay 19.6. Alikulia kwenye maji ya ziwa, basi huenda ini lake lina makovu ya kichocho tangu utotoni, na ini la namna hiyo huathiri jinsi damu inavyoganda. Sukari yake haijawahi kupimwa hadi usiku ule. Kama angekuwa kijana, ningeongeza selimundu, maana ukanda huu una watoto wengi wenye ugonjwa huo, na wenye selimundu huishia kwa wapasuaji mara nyingi: nyonga zao huharibika, nyongo yao hujaa mawe. Mtu wa namna hiyo ukimfungia chakula na maji tangu usiku wa manane, kisha orodha ya thieta ikasogezwa hadi alasiri, umeshamuumiza kabla kisu hakijamgusa.

Siku ya kwanza mama hali chakula, hivyo hamezi vidonge. Hakuna aliyeandika vidonge vya presha virudi lini, wala ARV. Si uzembe wa mtu mmoja. Mpasuaji anatazama kidonda, mrija na tumbo, kama alivyofundishwa, na vidonge vile viliandikwa na kliniki ya mbali ambayo hana habari nayo. Siku ya pili mkojo unapungua. Mwanagenzi anaongeza dripu, kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyofanya mkojo ukipungua. Figo za mama huyu zinataka maji au moyo wake umeshazidiwa na maji? Swali hilo halijibiwi kwa mazoea. Tunalijua vizuri kuliko wengine, maana utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyiwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania ukiongozwa kutoka Kilifi, ulionyesha kwamba kuwamiminia maji ya haraka watoto wenye maambukizi makali kuliongeza vifo. Halafu Lusaka, mwaka 2017, watu wazima walioshuka presha kwa maambukizi, wengi wao wakiishi na HIV: waliopewa maji na dawa kwa mpango wa kisasa walikufa asilimia 48, waliotunzwa kwa njia ya kawaida asilimia 33. Wagonjwa hao hawakuwa wa upasuaji, najua. Lakini dripu ile ile inaning'inia juu ya kitanda cha mama yetu, na aliyeisomea kwa undani yuko wodi nyingine, anasubiri kuitwa.

Siku ya tano inakuja homa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa wapinzani wangu wana hoja nzito kweli na sitaki kuikwepa. Wanasema: ukimleta daktari wa magonjwa ya ndani, ataona homa, atapima malaria, kipimo kitasoma chanya, ataandika dawa, na wakati huo mshono wa utumbo unavuja taratibu. Kesho kutwa tumbo limejaa usaha. Ni kweli. Kandokando ya ziwa watu wazima wengi hutembea na vimelea vya malaria bila kuumwa, hivyo kipimo chanya siku ya tano baada ya kukatwa utumbo hakithibitishi chochote. Daktari asiyewahi kusimama thieta anaweza kudanganyika.

Lakini tazama upande wa pili wa hoja hiyo hiyo. Mpasuaji akiwa peke yake, homa ya siku ya tano ni mshono mpaka ithibitike vinginevyo, na mama anarudishwa thieta afunguliwe tumbo mara ya pili, huku homa ikitoka kwenye nimonia iliyoanzia chini ya pafu la kulia, au kifua kikuu kilichokuwa kimelala, au bonge la damu mguuni. Kila mmoja anakosea upande wake, na kila mmoja anakosea kwa sababu ile ile: anamtazama mgonjwa baada ya mwenzake kuondoka. Anasoma mwandiko wa mwenzake kwenye faili. Wakisimama pamoja saa mbili asubuhi, mmoja akibonyeza tumbo na mwingine akisikiliza kifua, hoja ya mshono na hoja ya malaria zinakutana kitandani badala ya kupishana kwenye karatasi. Hatari wanayoitaja ni ya yule daktari mgeni wa mwaliko. Aliyemwona mama huyu siku ya kwanza, akajua kifua chake kilivyosikika alipokuwa mzima zaidi, hadanganyiki kirahisi hivyo.

Na hilo ndilo ninalodai. Sidai kwamba daktari wa magonjwa ya ndani aitwe mara nyingi zaidi. Nadai asiitwe. Aje kwa ratiba, kila asubuhi, kwa kila mgonjwa wa upasuaji mkubwa mwenye umri mkubwa au maradhi ya awali, kama mpasuaji anavyokuja.

Tatizo la kungoja mwito ni kwamba anayeita lazima kwanza ajue kwamba kuna jambo. Figo hazipigi kelele. Potasiamu inayopanda haipigi kelele mpaka moyo usimame. Anayeona ishara za kwanza ni muuguzi wa zamu mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi, naye anapitia kwa mwanagenzi, mwanagenzi anamtafuta mpasuaji, mpasuaji anaamua kusubiri hadi asubuhi. Mwito unaandikwa alasiri. Anayeitwa anafika kesho yake. Huo ni mnyororo wa watu wema, kila mmoja ametimiza wajibu wake, na siku mbili zimekwenda.

Sasa ile hoja ya uchache. Tume ya Lancet ya upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba nchi iwe na angalau wapasuaji, madaktari wa uzazi na wa nusukaputi 20 kwa kila watu 100,000. Utafiti wa Biccard ulikuta katika nchi zake kiwango cha kati ni 0.7. Nakubali kila tarakimu. Lakini hitimisho linalotolewa limepinda. Kama mpasuaji ni mmoja, basi saa anazokuwa thieta, na hizo ni saa nyingi kwa kuwa ni mmoja, wodi yake haina daktari mkuu kabisa. Mikono yake imo ndani ya tumbo la mtu mwingine. Nchi tajiri zinaweza kumudu kanuni ya mgonjwa-wa-aliyempasua kwa sababu nyuma ya mpasuaji mmoja wapo wasaidizi wanne wenye shahada za juu na chumba cha mahututi mlango wa pili. Sisi tusio na hao ndio tusioweza kuimudu.

Wala daktari huyo wa pili si lazima awe bingwa wa moyo kutoka Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi, hapo Eldoret, kilianza kufunza madaktari wa tiba ya familia mwaka 2005. Tuna maafisa wa kliniki, kada inayoubeba mfumo mzima wa afya wa Kenya, na baadhi yao wamebobea kwa stashahada za juu. Katika hospitali ya kaunti ndogo isiyo na bingwa yeyote, daktari wa kawaida wa wodi ya magonjwa ya ndani anayevuka ukumbi kila asubuhi anatosha kuanzia. Anavuka ukumbi tu; hapandi gari.

Kuhusu manahodha wengi. Chombo kina nahodha, na kinapokaribia miamba kina rubani anayeyajua maji yale. Hajawahi mtu kulalamika kwamba chombo kina mabwana wawili. Gawa kazi, andika mgawanyo, weka majina mawili juu ya kitanda. Kidonda, mrija, lini ale, lini arudi thieta: mpasuaji, na neno lake ni la mwisho. Presha, sukari, figo, pumzi, ARV, dawa zote za nyumbani: mwenzake, na neno lake ni la mwisho. Dawa ya kuzuia damu kuganda ni ya wote wawili, kwa sababu mmoja anaogopa bonge na mwingine anaogopa kuvuja, na hofu zote mbili ni za haki. Hapo hakuna njia ya mkato, lazima wazungumze. Anayesema jambo la wawili halina mwenyewe aniambie leo, chini ya utaratibu uliopo, sukari ya mama yule ina mwenyewe nani.

Nadhani chini ya hoja hii pana jambo lisilosemwa, nalo ni kugombea ukubwa. Kisumu tuna sababu ya kuliogopa jambo hilo. Hospitali yetu kuu, ambayo wengi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969 katikati ya mafarakano ya hadharani ya Rais Kenyatta na mpinzani wake Jaramogi, na risasi za siku ile ziliwapata watu wa kawaida waliokuja kutazama. Sifananishi madaktari na wanasiasa. Nasema tu kwamba mji huu unajua gharama ya wakubwa wawili wasioweza kukaa meza moja humwangukia nani.

Lawama si ya wapasuaji peke yao. Madaktari wa magonjwa ya ndani wameipenda kanuni hii pia, kimyakimya, maana inawapa heshima ya mshauri bila usiku wa mwenye mgonjwa. Mnajua mwandiko wao: vipimo kumi, nusu yake havipo hospitalini na jamaa atatumwa mjini kuvitafuta, kisha "asante kwa kuniita." Ukimuuliza mwenye mwandiko kama atarudi kesho, atasema ataitwa. Anayetaka kugawana mgonjwa agawane na simu ya saa nane usiku.

Kuna upinzani mwingine ninaouheshimu, wa wasomi. Wanasema utaratibu huu umeshapimwa na haukuokoa maisha. Mwaka 2004 kliniki ya Mayo huko Marekani ilichapisha jaribio la wagonjwa 526 waliobadilishiwa nyonga au goti: waliotunzwa kwa pamoja walipata madhara madogo machache zaidi, basi, vifo havikubadilika. Sawa. Wagonjwa hao walichagua siku ya upasuaji wao, katika mojawapo ya hospitali tajiri kabisa duniani. Vifo vya kupunguza vilikuwa vingapi? Lete matokeo ya wazee waliovunjika nyonga, watu wenye maradhi mengi katika mwili mmoja kama mama wa Port Victoria. Kwa hao, mpasuaji wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walianza kufanya kazi pamoja katika mji wa Hastings, Uingereza, zaidi ya nusu karne iliyopita, na kufikia mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilikuwa inailipa hospitali zaidi kwa mgonjwa wa nyonga ikitimiza masharti kadhaa, moja likiwa kwamba ametunzwa na wote wawili. Huko Trondheim, Norway, jaribio la mwaka 2015 lilionyesha kwamba wazee waliovunjika nyonga waliotunzwa katika wodi ya madaktari wa wazee, badala ya wodi ya mifupa, walitembea vizuri zaidi miezi minne baadaye.

Jaribio linalonisumbua zaidi ni la kwetu. Timu ile ile ya Biccard ilijaribu kuwaangalia kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini katika hospitali 332 za Afrika: kitanda karibu na meza ya wauguzi, vipimo vya mara kwa mara, jamaa kuruhusiwa kukaa, mwongozo kando ya kitanda. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Vifo havikupungua. Wapo wanaosoma hapo kwamba hakuna la kufanya. Mimi nasoma kwamba macho zaidi bila mwenye kujibu hayatoshi; muuguzi akiona mapema na simu yake ikafuata mnyororo ule ule wa siku mbili, kuona kwake mapema kumemfaa nani? Huo ni usomaji wangu, sidai kwamba umethibitishwa. Lakini sijasikia usomaji bora kutoka kwa wanaotaka tuendelee kama tulivyo.

Bili nayo. Katika hospitali za binafsi kila bingwa hutoza chake, na jamaa wakiona jina la pili huuliza, kwa haki, kama wameongezewa mtu wa kulipwa. Dawa yake ni bei moja ya upasuaji inayowahusu wote wawili, wagawane wao kwa wao. Waingereza waliilipa hospitali, hawakumlipa daktari kwa kila alipochungulia kitanda.

Halafu kuna siku ya kuondoka, ambayo sijawahi kuona ikizungumzwa vya kutosha. Kumbuka wale 210 kati ya 715. Barua ya kuruhusiwa, ikiandikwa na mpasuaji peke yake, husema kidonda kinapona, nyuzi zitolewe, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Haisemi presha iliachwa wapi, kidonge kipi kilisimamishwa na kwa nini, sukari iangaliwe na nani. Na wa kuiangalia wapo: tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliopewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, wengine wao huko huko Budalang'i. Wanachokosa ni maagizo. Mpasuaji hajui dawa ya presha itakayomfaa mama huyu mwezi ujao, na mwenzake hajui ni lini ataruhusiwa kujitwika beseni la omena. Waiandike wote wawili, pale kitandani, kabla hajapanda matatu ya Busia.